Mrisho, Mwana wa Nani

Nkuhungu, Dodoma
12 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia tangu mvua zianze, na baba mkubwa Swalihu bado anakupitishia maziwa asubuhi. Mimi ni mzima. Anna, ninayepanga naye chumba, anakusalimu. Karanga ulizonipa Desemba zimekwisha, na nusu kala yeye. Huku mvua ya maana imenyesha mara moja tu. Ikaingia chini ya mlango, ikalowesha godoro, ikaondoka kama mgeni asiyeaga.

Ungekuwa mtu mwingine ungeuliza kwa nini sikupiga simu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu ni ya salamu na karatasi ni ya mambo. Basi bahasha hii namkabidhi kondakta wa basi la Mpwapwa, na jambo lenyewe ni hili.

Nimepata kazi ya mkataba kwenye kamati ya majina. Shule mpya na barabara mpya zinatafutiwa majina, na kila ukoo unaleta mzee wake. Mimi naandika habari fupi ya kila mzee, ili jiwe la uzinduzi lisije likamsifia mtu kwa matendo ya mwingine. Na unajua wamenianzishia na nani? Wamrisho. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani: "Wewe si Yusra Nasri Mrisho? Haya, tutenganishie ndugu zako!"

Ninao wanne. Mrisho Pembe, mkuu wa msafara, ambaye wazee wa Mpwapwa wanasema alikuwa akilala na bunduki kama mto. Mrisho wa Baiskeli, aliyegawa kadi za chama vijijini kabla ya Uhuru. Hao hawanisumbui. Shida ni wawili waliobaki. Wote ni Mrisho Swalihu, wote wa Mpwapwa, wote rika moja. Mmoja ni babu yetu, aliyefungwa mwaka 1952 kwa kuwatetea watu wa Mlali bonde lao lisichukuliwe. Mwingine ni mkalimani wa yule Mzungu wa matrekta aliyelichukua. Huyo watu walimwita Mrisho Kofia, kwa ajili ya kofia ngumu nyeupe aliyopewa na bwana wake.

Shule mpya ya Mlali itaitwa kwa jina la babu. Niliposoma pendekezo nililia, shangazi, mbele ya watu wa ofisi. Nilikumbuka darasa la nne, mwalimu aliponisimamisha nisimulie habari za babu aliyefungwa. Nilikuwa sina baba wala mama, nina viatu vya mtu mwingine, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na kitu nisicho nacho.

Sasa nisaidie. Jina ni moja na jina la baba ni moja. Kinachobaki kuwatenganisha ni mama, kama kwenye talkini: maiti akishalazwa, sheikh hamwiti kwa baba yake, humwita kwa mama yake, maana huko hakuna kubahatisha. Mama yake babu aliitwa nani? Wewe ni mtoto wa kwanza wa babu, hili haliwezi kukupotea.

Nakubusu mikono.

Mwanao, Yusra


Mpwapwa
9 Februari 2025

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku kadhaa kwa yule kondakta, akasema aliifunika na mzigo wa vitunguu, kweli inanuka. Goti linaniuma upande uleule. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekauka majani ya chini, lakini kunde zimekubali. Kuku mwekundu ametotoa.

Habari kubwa ni baba yako mkubwa. Swalihu amechukua uamuzi, anagombea udiwani. Watu wenyewe wamemfuata nyumbani wakamwambia, wewe ni mtoto wa Mrisho, utaachaje watu wakaongozwa na wafanyabiashara wa mkaa? Amefurahi kama mtoto. Amepiga pasi kanzu ya harusi yake, koti halifungi. Nimemwambia asihangaike, mtu anayebeba jina la babu yake hahitaji vifungo. Ndiyo desturi ya nyumba yetu: mtoto wa kwanza hupewa jina la mzaa baba yake, ili mkubwa asipotee wakati mdogo anakuja. Swalihu amelibeba lake vizuri.

Kuhusu shule, tumefurahi sote. Umeandikiwa uwe mahali hapo. Mungu ana mipango.

Majina ya mama za watu hayatajwi ovyo, mwanangu, na hayo ya talkini yana mahali pake. Andika ulivyosimuliwa. Hao wa kamati hawataki mama, wanataka shujaa. Na yule mwingine hana haja ya kuandikwa kabisa. Mtu aliyekwisha kufa bila wa kumsifia, mwache apumzike.

Kula. Ulipokuja Desemba shingo yako ilikuwa kama ya mtu anayesoma hata anapolala.

Shangazi yako, Stara


Nkuhungu
16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Natumaini unafungua kwa uji na si kwa chai tupu. Anna Mkristo anaamka na mimi kula daku, ananihesabia matonge kama amepata mtoto. Kikohozi changu kimeisha.

Nimekwenda Mlali. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nikuletee zawadi: sauti za watu waliomjua babu. Anna alinipeleka kwa bibi yake, Dorkasi Matonya, akisema huyo anakumbuka mambo ya bonde kuliko mtu yeyote. Tulimkuta uani anapepeta uwele. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nikakosea lafudhi, akacheka. Anna akamwambia nimekuja kuuliza habari za Mrisho Swalihu aliyefungwa, na kwamba mimi ni mjukuu wake.

Bibi akaweka ungo chini. "Mjukuu wa Mrisho yupi?"

"Mrisho Swalihu. Aliyewatetea."

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Sasa wewe nimekuzaa lini?"

Anna alicheka. Mimi pia nilicheka, shangazi. Nilidhani ni utani wao.

Haukuwa utani. Mrisho aliyefungwa alikuwa fundi cherehani. Alifika Mlali kutoka Mpwapwa, cherehani nyuma ya baiskeli, akaoa Mgogo, akakaa. Alikufa mwaka 1963, Bibi Dorkasi akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Akalelewa na wajomba zake, akabatizwa, akaandikwa kwa jina la mjomba, Matonya. Ndiyo maana katika karatasi hakuna mtoto yeyote wa Mrisho yule.

Alinisimulia siku ya bonde. Mzungu alisimama juu ya trekta akasema maneno yake. Mrisho Kofia akayageuza: "Bwana anaazima bonde kwa msimu mmoja, kisha atawarudishia." Watu wakaanza kusogea kuweka dole gumba. Fundi, aliyewahi kushonea Wazungu nguo na akajua lugha yao kidogo, akapiga kelele kutoka nyuma: "Somo! Hakusema hivyo! Amesema hamtarudi!"

Alimwita somo. Kumbe walikuwa wajina wawili waliotiwa jando pamoja, na tangu hapo walikuwa wakiitana somo na kupeana nguo sikukuu, kama wajina wafanyavyo. Fundi akakamatwa kwa uchochezi. Mahakamani mkalimani alikuwa Kofia yuleyule. Bibi Dorkasi anasema baba yake alipotoka jela aliwaambia jambo moja tu: "Nilisikia somo anavyonigeuza maneno. Ningelalamika, lakini nani angenitafsiria?"

Nikamwuliza mama yake fundi aliitwa nani. Akajibu kabla sijamaliza. Siku ya maziko sheikh alitoka Mpwapwa, akafika kwenye talkini akauliza, Mrisho mwana wa nani? Wanaume wakatazamana. Ndipo mama yake Dorkasi, aliyesimama kwa mbali pamoja na wanawake wa Kigogo ambao hakuna aliyeweza kuwarudisha nyumbani, akapaza sauti: "Nyamizi! Mwana wa Nyamizi!" Bibi Dorkasi akajigonga kifuani: "Na mimi baba aliniita Nyamizi, jina la mama yake. Hilo Dorkasi ni la kanisani."

Sasa nakuuliza mambo mawili. Mama yake babu yetu aliitwa nani?

Na la pili. Kwenye banda la kuku palikuwa na kofia ngumu, iliyokuwa nyeupe ikageuka rangi ya vumbi, na kuku walitagia ndani yake. Nikiwa na miaka saba niliivaa nikaandamana nayo uani. Ulinichapa. Ni mara moja tu maishani uliyonichapa. Ulisema ni ya Mzungu aliyeisahau. Mzungu gani, shangazi?

Yusra


Mpwapwa
20 Aprili 2025

Yusra,

Marahaba, ingawa hukuitoa vizuri. Idi imepita bila wewe. Tulikusubiri na pilau mpaka Swalihu akasema labda basi limeharibika, nikamwachia aamini hivyo. Nguo niliyokushonea ipo kabatini. Kunde tumevuna. Mtoto wa jirani kaumwa na nge, kapona.

Umekwenda kwa watu usiowajua, ukamsikiliza bibi mzee, ukarudi na babu mpya. Sikukusomesha kwa ajili hiyo. Wewe ni msomi, unajua wazee husimulia wanavyopenda. Kila kijiji kina mtu aliyefungwa na kila ukoo unamtaka.

Kuku hutagia popote. Mimi si mtunza kofia.

Nikuulize na mimi. Ulipoletwa kwangu una miaka sita, umekaa chini ya meza kutwa huongei na mtu, nilikutoa vipi? Si kwa pipi. Nilikaa nawe chini pale nikakusimulia habari za babu yako aliyesimama mbele ya trekta. Ukatoka. Tangu siku hiyo ukatembea umenyoosha mgongo. Mgongo huo ndio uliokufikisha chuo kikuu, nao ni wako, hakuna wa kuudai. Sasa unataka nikwambie nini?

Watu wawili wa kamati walipita hapa kuisalimia familia. Niliwakaribisha chai. Nimewapa walichohitaji, usijisumbue tena. Wamesema siku ya uzinduzi familia itakaa mbele na wewe ndiwe utakayesoma historia. Swalihu anataka nikuulize uvae rangi gani ili mfanane.

Shangazi yako, Stara


Nkuhungu
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu umenilea, na mkono unakataa kuanza bila hiyo. Sina habari za mvua wala za kuku. Anna amehamia kwa dada yake. Aliacha sufuria yake nzuri, akasema nitaihitaji.

Nimeitwa ofisini. Mwenyekiti akanipa mkono: "Hongera, kazi safi, tumeipitisha." Akanionyesha kurasa tatu. Nilizijua tangu mstari wa kwanza. Ni insha niliyoiandika mwaka wa kwanza wa chuo, "Babu Yangu Mrisho," niliyoiacha kwenye droo ya kitanda changu nyumbani kwako. Imepigwa chapa upya. Mahali nilipoandika "nilisimuliwa na shangazi" pameandikwa "utafiti umethibitisha." Palipo na mtoto wa marehemu pameandikwa Swalihu Mrisho. Na chini kuna jina langu, na saini.

Si saini yangu. Lakini imefanana sana. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Mkunjo wa ile Y unaujua kuliko mimi.

Nilikaa nazitazama kurasa zile. Sikuweza kusema "si zangu," kwa sababu karibu kila neno ni langu. Ndivyo alivyofanyiwa fundi. Mtu mwingine alichukua maneno ya kinywa chake akayapeleka kwa wakubwa, na yeye amesimama palepale.

Anna alikuwa ameshasikia. Jioni akaniuliza akiwa mlangoni, begi mkononi: "Umeandika wewe?"

"Ni maneno yangu, Anna, lakini..."

"Basi. Bibi amepewa kadi ya mwaliko. Imeandikwa 'mwanakijiji.' Anaionyesha kwa watu, hajui kusoma. Anadhani imeandikwa 'mtoto.'"

Sasa nikuambie nilichokiona nilipobaki peke yangu. Nilizipanga barua zako kitandani, za mwaka huu na za miaka ya bweni. Nilikuwa natafuta mahali ulipotaja jina la mama yake babu kwa bahati mbaya. Wewe mwenyewe uliniandikia Februari: mtoto wa kwanza hupewa jina la mzaa baba yake. Swalihu, mwanamume wa kwanza, akapewa la Swalihu. Bibi Dorkasi, binti wa kwanza, akapewa la Nyamizi. Na binti wa kwanza wa babu yetu ni nani? Ni wewe.

Umekuwa ukinijibu tangu barua ya kwanza. Kila barua, mstari wa mwisho.

Babu yangu ni Mrisho mwana wa Stara. Na fundi ni mwana wa Nyamizi. Nimerudi Mpwapwa mara moja mwezi huu bila kukugongea. Nilikwenda kwa sheikh mzee wa msikiti wa chini. Nikamwuliza tu, mwaka 1981, mlipomzika Mrisho Kofia, mlimwita mwana wa nani? Hakusita: wa Stara. Hata lile jina la Kofia halikumshtua. Mji mzima unajua, shangazi. Ni mimi tu niliyekuwa sijui.

Yusra


Mpwapwa
15 Juni 2025

Yusra,

Ulifika mjini hukunipitia. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko mingine yote.

Nina jambo moja la kukuambia, halafu nitanyamaza. Mwaka 1964 nilikuwa na miaka tisa. Walikuja wageni kwa Landrova wakitafuta wazee waliofungwa na wakoloni ili wapewe heshima. Wakasimama barazani kwetu wakauliza, Mrisho Swalihu ni nani hapa? Baba alikuwa anaosha miguu. Yule mwingine alikuwa amekwisha kufa. Baba akajifuta miguu, mmoja mmoja. Kisha akaitika.

Mtu ameitwa kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Ulitaka asiitike?

Wakampeleka kiti cha mbele. Kuanzia siku hiyo hakuivaa tena ile uliyoitaja. Na sisi watoto tukaacha kutupiwa mawe njiani. Hujawahi kutupiwa mawe, kwa hiyo hujui nilikuwa nakuficha nini.

Uzinduzi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kura za maoni za Swalihu ni baada ya hapo. Ana miaka sitini na saba, hajawahi kuchaguliwa hata kuwa kiranja. Yeye anaamini, Yusra. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa mdogo, na mimi ndiye niliyemsimulia kama nilivyokusimulia wewe.

Soma zile kurasa. Au umwa siku hiyo, usiende. Lakini ukisimama pale ukasema mengine, usinihesabu.

Shangazi yako


Nkuhungu
6 Julai 2025

Shangazi,

Hukuweka jina lako mara hii. Nimeona hilo.

Shikamoo hata hivyo. Baba mkubwa atakuwa amekusimulia ya Mlali kwa namna yake, na wengine kwa zao. Sitaki uyasikie kwa mtu aliyeyageuza.

Turubai lilikuwa jekundu na jeupe. Walimu walikuwa wamemwagia uwanja maji ili vumbi lisimfikie mgeni rasmi. Baba mkubwa alikaa kiti cha mbele, kanzu yake inang'aa, koti halijafungwa. Aliniona akanipungia kwa vidole viwili kama alivyokuwa akinipungia nikiwa nashuka basi la shule. Bibi Dorkasi alikuwa nje ya kamba, juani, na Anna amemshikia mwavuli. Kadi yake ameibana kifuani.

Nilikuwa nimelala na kurasa zile tatu chini ya mto. Nilikwenda nazo. Nikazifungua kwenye kipaza sauti, nikasoma mstari wa kwanza, nao ulikuwa mzuri. Nikiwa na miaka ishirini niliandika vizuri kwa sababu nilipenda. Nikatazama mbele nikamwona baba mkubwa midomo inafuata. Alikuwa ameikariri.

Nikazikunja.

Nikasema: "Wamrisho Swalihu wa Mpwapwa ni wawili. Shule hii ni ya Mrisho mwana wa Nyamizi, fundi cherehani, aliyefungwa kwa ajili ya bonde hili. Ana mtoto mmoja aliye hai. Naomba mtoto wa Mrisho wa Nyamizi asimame."

Baba mkubwa akasimama. Aliposikia "mtoto wa Mrisho" alisimama, shangazi, anatabasamu, anaweka koti vizuri. Hakuwa amelisikia jina la Nyamizi, au alilisikia akadhani ni la bibi yake, ambaye jina lake hakuna aliyewahi kumtajia. Ameitwa akaitika. Nilipoona vile, yale uliyoniandikia ya mwaka 1964 yakanirudia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kwa nyuma Bibi Dorkasi alikuwa amesimama tangu mwanzo, hana kiti. Akapaza sauti: "Nipo!" Mzee mmoja wa Kigogo akacheka kwa nguvu: "Mzee Swalihu, kaa chini, huyo si wako! Wako alikuwa na kofia!" Watu wakaangua kicheko. Ni cheko la utani, wenzetu hawa hutania hata msibani. Lakini baba mkubwa hakulijua kosa lake. Akanitazama mimi. Alitaka nimwambie wanacheka nini.

Nikamwambia. Kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. "Babu yangu ni Mrisho mwana wa Stara. Ndiye aliyekuwa mkalimani." Hakuna aliyecheka tena.

Walimkatia kamba Bibi Dorkasi, akapita. Kiti cha baba mkubwa kilikuwa wazi. Alikuwa ameshaondoka kwenda barabarani kutafuta bodaboda. Bibi hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akapitisha kiganja kwenye herufi asizozisoma, akaniuliza, "Wameandika Nyamizi?" Nikasema hawakuandika. Akasema, "Basi andika." Fundi wa jiwe ameahidi kulirekebisha. Nimeambiwa mkataba wangu hautaongezwa. Anna amekuja kuchukua sufuria yake, akakaa kidogo, akanywa maji, akaondoka nayo.

Umeniambia nisikuhesabu. Nami nakuambia lililo langu. Ulinipa mgongo wa mtu mwingine ukanifundisha kutembea nao, halafu ulipoona nakaribia kujua ukachukua mkono wangu pia, ukaweka saini. Ningekusamehe la kwanza. Nililikuta nikiwa mtoto, lilinitoa chini ya meza. Hilo la pili ulilifanya nikiwa mtu mzima, nikiwa nimekuuliza kwa heshima, mara mbili.

Na mimi sikubaki msafi. Nilisimama mbele ya watu nikatoa ushahidi juu ya mtu wa damu yangu, kwa sauti nzuri. Sauti hiyo najua niliirithi kwa nani.

Yusra


Mpwapwa
14 Septemba 2025

Yusra,

Upepo ni mkali, kila kitu ndani kina vumbi. Goti sasa ni yote mawili. Maziwa naletewa na kijana wa dukani, maana Swalihu hapiti tena upande huu. Hakuchaguliwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Alikuja mara moja, akasimama mlangoni hakuvua viatu, akaniuliza, "Dada, ulijua?" Nikamvutia kigoda. Akasema, "Hata mimi ulinificha?" Akaondoka.

Kondakta atakupa na mzigo uliofungwa kwa khanga. Usiufungulie stendi. Nimeuosha, lakini harufu ya banda haitoki. Kuku nimewapa karai bovu, wamesusa, wanataga chini ya ngazi. Huyo bibi wa Mlali akitaka kuuona, mwonyeshe. Akitaka kuutia moto, mpe kiberiti. Wewe ukitaka kuuweka, uweke mahali ambapo mtoto akiuvaa hatachapwa.

Sijakusamehe. Sikuombi na wewe unisamehe. Nakujua, utaniandikia kurasa sita.

Lakini kuna jambo. Siku yangu ikifika, kabla jeneza halijatoka nyumbani, sheikh atatuma mtu ndani kuuliza, Stara mwana wa nani? Mama yangu ni Sabiha. Swalihu kwa hasira yake atasema halijui. Majirani watasema litakalowapendeza. Uje ujibu wewe.

Stara